Sukari ya Kipara Imepanda

— Rudia, Daktari. Kimashine chako kimelewa.

— Hakinywi, kitalewaje? Ishirini na sita. Njoo usome mwenyewe, macho unayo.

— Nimesoma. Ndiyo maana nasema rudia.

— Vikaratasi vya kupimia vimebaki vitatu, Soli. Nikivimalizia leo, kesho nimpime kwa nini? Kwa gundi yako ya viatu?

Daktari alikuwa kinyozi. Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja refu mbele ya mlango wake. Mwisho mmoja alikaa Soli, fundi viatu, na jiko lake dogo lenye birika la kahawa. Mwisho wa pili alikaa Karani, mzee aliyestaafu siku nyingi lakini bado akichomeka kalamu mfukoni. Katikati palikuwa pa Kipara, muuza matunda, ambaye mkokoteni wake uliegeshwa palepale ukutani. Kipara hakuwa na hata unywele mmoja wa kunyolewa. Kilichomleta kwa kinyozi ni sindano. Kile kimashine cha kupimia sukari kilikuwa cha marehemu mama yake kinyozi, na hakuna aliyemfundisha kukitumia. Alijifunza kwa kumtazama mama akijichoma. Kila asubuhi, kabla ya kikombe cha kwanza, alimtoa Kipara tone moja la damu kidoleni, bure. Miaka kumi na minane alikuwa amenyoa vichwa vya watu, na hakuna aliyewahi kumtazama vile Kipara alivyomtazama akisubiri namba itokee.

Siku ile walichelewa. Wateja watatu waliingia kwa kinyozi mfululizo, na alipopata nafasi ya kutoka, Kipara alikuwa keshamenya mananasi na kukata mapapai ya asubuhi nzima. Alijifuta mikono kwenye aproni, akanyoosha kidole kama kawaida yake. Kinyozi akachoma. Namba ikatokea: ishirini na sita.

— Nimekosea wapi? Kipara aliuliza.

Hilo lilikuwa swali la haki. Mwaka uliopita walimkata kidole kimoja cha mguu, na daktari mwenyewe, yule wa hospitali, alimwambia asipojiangalia watafuata mguu. Kuanzia hapo Kipara akawa mtu mwingine. Muuguzi wa zahanati alimpangia masharti, naye akayashika yote kama mtoto anayejifunza kuhesabu: nusu ya sahani iwe mboga, wali usizidi ngumi yake, kahawa bila sukari, atembee nusu saa kila jioni, kidonge kimoja asubuhi pamoja na chakula. Miezi saba kimashine kilisoma saba, nane, ikizidi sana tisa. Na sasa hii.

— Jana ulikula nini? Soli akaanza kumhoji.

— Maharage. Mboga. Wali kidogo.

— Kidogo cha nani?

— Cha ngumi yangu, Soli. Mke wangu anapima, ananishikisha ngumi juu ya sahani.

— Sukari hailiwi tu, jamani, Karani akadakia. Inaingia hata kwa kuvutwa. Huyu anashinda na harufu ya mananasi puani toka alfajiri. Nilimjua msimamizi mmoja wa ghala la sukari. Hakuwahi kulamba hata chembe, lakini sisimizi walimfuata mpaka ofisini.

— Acha zako, mzee. Ni viatu. Hivyo vya mpira vinabana vifundo. Damu haishuki, kwa hiyo sukari inakwama huku juu.

— Kwa hiyo akivua itamwagika?

— Cheka tu. Miguu yote ya mtaa huu imepita mikononi mwangu.

— Basi nikwambie na hili, Karani akasema, akiinua kidole. Anatembea kupita kiasi. Ukiitikisa chupa ya soda inafanyaje? Inapanda. Mtu mzima mwenye sukari akijitikisa kila jioni, unategemea nini?

Siku nyingine Kipara angecheka mpaka tumbo limuume. Siku ile alikuwa akiutazama mguu wake, ule wenye vidole vinne.

— Daktari, wewe unasemaje?

Wote watatu wakamgeukia kinyozi. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema nenda zahanati, mkokoteni tutakuangalizia. Maneno hayo yalimfika mdomoni kabisa. Lakini hakuna mtu anayemwita mwenzake Daktari miezi saba ili siku ya mambo mazito amsikie akisema hajui, na kinyozi hakutaka kulipoteza jina lile.

— Leo usile kitu, alisema. Funga mpaka jioni. Na kidonge, meza viwili.

— Muuguzi alisema kimoja, na chakula.

— Muuguzi anakuona mara moja kwa mwezi. Mimi nakuona kila siku.

Kipara akameza viwili palepale, kwa maji matupu. Mkate aliofungiwa na mkewe akampa Soli.

Kabla ya adhuhuri jasho lilikuwa linamtiririka kivulini. Mikono ikamtetemeka hata kisu kikamponyoka. Mteja alipomuuliza kitu alimjibu kitu kingine. Soli akaenda kumshika bega, naye akamtukana tusi zito, yeye ambaye hata mbwa wa mtaani humwambia "nipishe, bwana".

— Mnaona? Karani alinong'ona. Sasa imempanda kichwani.

Kipara akaja benchini akitembea kama mtu aliye ndani ya maji. Akakichukua kikombe cha Karani, kahawa yenye vijiko vinne vya sukari, akakishika kwa mikono miwili. Kinyozi alimwona kupitia kioo. Akatoka mbio, wembe mkononi, mteja amebaki kitini na shavu moja lenye povu.

— Wewe! Unataka kujiua?

— Niache, Daktari. Mwili wenyewe unaitaka.

— Anayesema ni ugonjwa, si wewe. Lete hapa!

Walikigombania. Kipara hakuwa na nguvu hata za kumshinda mtoto. Kahawa ikamwagika yote chini, na Soli akamkumbatia kwa nyuma ili asiifuate. Kipara akamtazama kinyozi, akatabasamu kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akamlegea Soli mikononi.

Walimpakia kwenye teksi. Soli alikwenda naye, akarudi jioni bila la kusema zaidi ya kwamba yuko kitandani na hasemi.

Siku ya tatu benchi lilikuwa na watu watatu na nafasi katikati ambayo hakuna aliyeikalia. Mkokoteni ulikuwa umefunikwa turubai, na nzi walikuwa wameshajua kilichomo.

— Mimi nilisema viatu, Soli alisema. Mkanipuuza.

— Pengine ilifika arobaini, Karani akajibu.

— Arobaini angepasuka.

— Sukari haipasui, inayeyusha. Inaanza na mifupa ya kichwa. Ndiyo maana alitukana.

— Vyovyote vile, bila Daktari kumnyang'anya kile kikombe, leo tungekuwa makaburini.

Kinyozi alikuwa akifuta wembe wake. Lakini neno hilo alilichukua, kama alivyolichukua jana na juzi. Ndilo lililompa usingizi kidogo.

Ndipo akatokea binti mkubwa wa Kipara. Hakuwa mtu wa kuja kijiweni. Walimjua kwa kumwona akipita na ndoo. Macho yalikuwa yamemvimba, na mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti. Baba anaendeleaje?

— Amefumbua macho. Lakini hanijui. Ananiita shangazi.

— Maskini. Na sukari wameishusha?

— Haikuwa juu, babu. Binti akaikunjua ile karatasi. Walipompima alikuwa na moja na nusu. Ilikuwa imeshuka mno. Wakamtia maji ya sukari mshipani.

— Moja? Karani akanyoosha mkono. Hebu lete, hujasoma vizuri.

— Nimesoma, babu. Na nilimuuliza muuguzi mara mbili. Anasema aliposhikwa na jasho, angelamba sukari kidogo tu, asingefika alipofika.

Birika lilikuwa linachemka. Soli alilitazama, hakuliondoa motoni.

— Muuguzi kaniuliza swali likanishinda, binti akaendelea. Nikamwambia nitakuja kuwauliza nyinyi. Asubuhi ile, kabla hamjamchoma kidole, baba alinawa mikono?

Karani akachomoa kalamu mfukoni, akaichomeka tena. Soli akainama, akaanza kuutafuta uzi ambao alikuwa nao mkononi.

— Kwa nini anauliza hivyo? kinyozi akasema. Siku ile alikuwa ameiona aproni ya Kipara. Ilikuwa imelowa njano tangu tumboni mpaka chini.

— Anasema maji ya tunda yakibaki kidoleni, kimashine kinayasoma pamoja na damu. Kinatoa namba kubwa. Anasema huenda damu ya baba ilikuwa nzuri tu, na kidonge kimoja na ule mkate vingemtosha.

— Huenda, Karani akasema, akiling'ang'ania neno hilo. Amesema huenda, sivyo?

Kinyozi akainuka, akaingia ndani. Kimashine kilikuwa kwenye rafu, kati ya poda na kitana. Alikishika, akakirudisha, akakishika tena. Hakujua akiweke wapi. Mwishowe akakaa kwenye kiti cha wateja, na kwa kuwa kioo kilikuwa mbele yake, akainamisha kichwa.

Binti alimfuata. Alisita, kama mtu aliyetumwa jambo na sasa hajui kama bado lafaa kusemwa. Lakini alilelewa kufikisha salamu alizopewa.

— Mama alinituma nikushukuru, mjomba, alisema akiwa mlangoni. Kwa jinsi ulivyomwangalia baba siku zote hizi. Nikirudi, nimwambie umesemaje?