Ombi la Mwalimu Prudencia

Wasikilizaji wapendwa, poleni na shughuli. Leo tunamkumbuka Mwalimu Prudencia Bagenda wa Kiseke, na niwaambie mapema, nina uchungu.

Mwalimu Prudencia alizaliwa Kagera, akafundisha hapa Mwanza mpaka akastaafu. Wenzake walirudi kwenye migomba, yeye akafungua tovuti. Humo aliwaandikia walimu, kwa Kiswahili chepesi, namna ya kupanga somo na kulifundisha kwa simu, kwa video, kwa projekta. Mwalimu akikwama, asome, aingie darasani. Chini ya kila ukurasa aliweka jina lake na ombi: "Ukijaribu darasani, niandikie limekwendaje."

Hakuna aliyemwandikia. Narudia, hakuna. Binti yake, Kokulinda, anasema mama alikuwa anaifungua tovuti kila asubuhi kabla ya chai, anakuta wasomaji wawili watatu, na mmoja ni Kokulinda mwenyewe. Mwaka jana akaifunga. "Basi mwanangu," alisema, "nimekuwa naongea peke yangu." Mwezi uliopita akafariki.

Sasa sikilizeni. Msibani Kiseke alikuja mwalimu wa Kisesa, anaitwa Machibya, amemsindikiza mkewe. Marehemu mwenyewe hakumfahamu. Katika mazungumzo akatoa simu, akawasomea wenzake kitu kilichombadilishia ufundishaji: "Kabla hujachagua video, jiulize mwanafunzi ataweza kufanya nini ikiisha."

Kokulinda alikuwa anapita na birika. Akasimama.

"Hayo ni maneno ya mama," akasema.

Jamani! Kumbe walimu kibao walikuwa nazo kurasa zile. Bando ni ghali, kwa hiyo mmoja alifungua, akapiga skrini shoti, akarusha kwenye grupu la WhatsApp, na grupu likarushia grupu lingine. Picha wakaikata chini ili itoshe. Jina likabaki nje, na ombi nalo likabaki nje. Machibya alilia kama amefiwa na mamaye.

Kokulinda, na ukoo wote kule Kagera, poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize: nani anatufundisha kila siku, na hata jina lake hatujawahi kulitafuta? Inauma, wapendwa.

Kokulinda ameifungua upya tovuti ya mama yake. Machibya akatuma jina na anwani kwenye magrupu, na walimu ambao hawajasikia habari za msiba wameanza kuandika. Karibu wote wanaanza hivi: "Shikamoo Mwalimu. Nilijaribu darasani, limekwenda vizuri."

Na wa kuitikia marahaba hayupo.