Saa Saba za Kusubiri

Ndugu waombolezaji, naomba utulivu wenu, mimi dada mkubwa wa marehemu, niwasomee maisha yake kama nilivyoyahifadhi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1978, mtoto wa nne wa fundi saa na mkunga, tukambandika jina la Dakika, kwani tangu utotoni hakuvumilia saa iliyochelewa. Alimaliza sekondari mwaka 1997, akahitimu urubani wa helikopta tarehe 22 Agosti 2003, na tangu siku hiyo aliweka daftari lake mwenyewe, safu moja ya muda wa angani, nyingine ya muda wote wa kazi, kusubiri kukiwemo, hata wifi yangu akawa anamtania kwamba ataandika na muda wa kuoga.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 2005, wakajaliwa mabinti wawili, na msimamizi wake siku hiyo ndiye aliyekuja kuwa mkuu wake wa marubani, wakiitana pacha.

Tarehe 14 Machi 2023 aliripoti kazini saa kumi na moja alfajiri, akawapeleka wakaguzi bwawani, akawasubiri kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, saa kumi na mbili anazoruhusiwa rubani kuwa kazini zikawa zimekwisha. Alimpigia pacha wake simu, naye, kama ilivyoandikwa daftarini kwa mkono wa marehemu, akamwambia awarudishe tu, hizo saa atazipanga yeye. Hatusemi marehemu hakukosea, alikosea kumwamini. Saa kumi na mbili na nusu helikopta ilitua kwa kishindo, abiria wakatoka wazima, yeye akavunjika uti wa mgongo.

Pacha alizipanga kweli. Katika rejista ya kampuni, saa saba za kusubiri zimekuwa saa saba za kulala katika chumba cha mapumziko pale bwawani, na taarifa ikasema rubani alipumzika vya kutosha, akafanya uzembe. Chumba hicho nimekwenda kukiona: ni stoo ya saruji, haina hata benchi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa siku kumi na tisa hospitalini aliuliza kama pacha amefika, hakufika, na tarehe 2 Aprili, saa tatu asubuhi, alinikabidhi daftari, akafariki kabla ya adhuhuri.

Tunawashukuru madaktari, majirani, na mafundi wa helikopta waliokubali kutoa ushahidi. Mkuu wa marubani yupo nasi leo, simshukuru wala simfukuzi. Daftari hili hapa, lisomwe na yeyote, ili mabinti wasirithi jina la mzembe.

Pumzika kwa amani, Dakika. Safari hii ni mapumziko ya kweli, hakuna aliyekutungia.