Shanga za Nyanjige Zilizochomwa Kasoli

Wasikilizaji wapendwa, mwangaluka. Leo tunamkumbuka Nyanjige Ngassa wa Kasoli, aliyezikwa Jumamosi. Sogezeni viti, ila leo msitegemee nicheke.

Nyanjige alikuwa mtoboa kadi. Ndiyo, mtoboa kadi. Ujanani, huko Dar es Salaam, alifanya kazi kwenye ofisi yenye kompyuta kubwa kama chumba cha kulala. Kadi alizotoboa, kila tundu na maana yake, ndizo zilizolishwa mashine ile. Kumbukumbu ya mashine hiyo ilikuwa vipete vyeusi, vidogo kuliko punje ya ulezi, vimetungwa kwenye nyuzi za shaba kama shanga, safu kwa safu, ndani ya fremu. Kila kipete kilishika jambo moja tu: ndiyo, au hapana. Mashine ilipotupwa, fundi alimpa Nyanjige fremu moja. Akarudi nayo Kasoli, akaitundika ukutani.

"Mama aliipangusa kwa unyoya wa kuku," anasema binti yake, Justina. "Alikuwa akiniambia, 'Mwanangu, hizi hata umeme ukikatika hazisahau.'"

Majirani waliona nini? Hirizi. Ng'ombe akiharisha, ni Nyanjige. Pamba ikiliwa na funza, ni Nyanjige. Macho yake mekundu kwa moshi wa kuni, nayo wakayatia kwenye kesi! Kwani Kasoli nani anapikia umeme?

Alipofariki, wanaume wa kijiji walikuja na majembe, kisha wakayalaza chini. Mwandu, mkubwa wao, akasema, "Justina, kaburi hatuchimbi. Lile dude lichomwe kwanza."

"Baba, ile ni kompyuta."

"Kompyuta gani haina kioo? Unatuona watoto?"

Jua linapanda, mama amelala ndani. Justina akaitoa, wakaitia moto. Plastiki ya fremu ikafuka moshi mweusi, watu wazima wakaruka nyuma. "Mnaona! Uchawi huo unatoka!" Haya, chomeni ndoo ya plastiki kwenu, mniambie mmemfukuza mchawi gani.

Ndipo wakachimba.

"Nimemzika mama kwa kukubali mbele ya watu kwamba alikuwa mchawi," anasema Justina.

Hapana, mwanangu. Hukukubali. Ulilazimishwa, na aibu ni ya walioweka majembe chini.

Pole sana Justina. Poleni wajukuu na ukoo wote wa Ngassa. Na ninyi wengine, tafakarini. Mlango wa Nyanjige ulikuwa wazi miaka yote. Mliingia, mkanywa uji wake, mkaitazama fremu ile ukutani. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Mama Justina, hiki ni kitu gani?" Angewasimulia mpaka mkachoka.