Ile ya Zamani Iko Wapi?

Nitegulie hiki, mjukuu wangu: hana mdomo, lakini akiamuru, watatu nyumbani wanatii. Umeshindwa? Ni rimoti. Leo nimeiona kwenye basi, mpya, mkononi mwa mama mmoja.

"Dukani wameniambia inaendesha runinga, king'amuzi na sabufa," alimwambia jirani yake wa kiti, fundi wa redio. "Nabonyeza tangu juzi, runinga imeninunia tu."

Fundi akacheka. "Dada, hiyo hufundishwa. Ielekeze kwa ile ya zamani, uso kwa uso, iige kitufe kimoja kimoja. Ile ya zamani iko wapi?"

"Nipe njia nyingine, kaka."

"Ya kuibonyezea namba za runinga kwa kubahatisha, moja moja? Utazeeka! Kwani iko wapi, watoto wameivunja?"

Mama akatazama dirishani. Mimi nikajifanya nasinzia. Bahati nzuri masikio hayana kope.

Basi likasimama kituoni. Mama akanyanyuka, akairudisha rimoti mkobani.

"Anayo baba mkwe, mfukoni mwa shati. Marehemu mkewe ndiye aliyeifunga plasta, wiki ile ile aliyofariki. Analala nayo, kaka. Nimwambieje aitoe?"