Namba Thelathini na Moja: Maisha ya Mwalimu Rula

Bibi yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu Rula, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Alijua kupiga mstari ulionyooka kwa chaki juu ya kitambaa kabla hajajua kuandika jina lake.

Alianza shule mwaka 1966, akamaliza chuo cha ualimu Novemba 1979. Januari iliyofuata alipewa darasa la tatu, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji, na hakukihama miaka thelathini na minane.

Agosti 1982 aliolewa na fundi aliyekuja shuleni kutengeneza madawati. Kila mara fundi huyo alipofungua mdomo darasani, aliambiwa, "Nyoosha mkono kwanza." Siku ya kuposa alikaa sebuleni mkono juu, kimya, mpaka wazee wakauliza kama bega linamuuma. Babu alitangulia mwaka 2011.

Mwaka 2016 shule ilipewa mamlaka ya kujiendesha. Mwenyekiti wa bodi mpya alitangaza mkutanoni, "Wazazi, kuanzia leo shule ni yetu wenyewe."

"Yetu sisi na nani?" akauliza muuza nyama kutoka nyuma. Watu wakacheka.

Jibu lilikuja Jumatatu: kila mwalimu awaondoe wanafunzi wanaoshusha wastani wa mitihani. Mwalimu alikataa wiki mbili. Akaambiwa asipotaka, ataletwa mwingine wa kuondoa nusu ya darasa. Basi akachukua rula na kalamu nyekundu, akakata majina kumi na manne kwenye daftari la mahudhurio. Namba 31 alikuwa mjukuu wake, aliyeishi naye. Hakuona atakataje wa wenzake aache wa kwake.

Tangu kesho yake, saa moja na nusu asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, alikaa barazani kwake, daftari lile mapajani, akiziita namba zile. Kila namba aliisubiri, muda uleule mtoto anaohitaji kuitika. Hata alipostaafu hakuacha.

"Mwalimu, unaongea na nani?" jirani alimuuliza.

"Na darasa."

"Mbona kimya?"

"Hicho kimya ndicho ninachokisikia, jirani."

Mjukuu alisikia yote akiwa ndani. Ikifika 31, alibana midomo.

Novemba 2022 Mwalimu alipata kiharusi. Maneno yakampotea, namba zikabaki. Mjukuu huyo, ndiye aliyemuuguza, alijaribu kuwaitikia wengine, "Namba nne yupo, bibi," bibi akatikisa kidole, kama kwa mtoto anayemsemea mwenzake. Ya kwake mwenyewe, mjukuu hakuiitikia.

Jumanne, tarehe 21 Februari 2023, Mwalimu aliita namba moja tu: "Thelathini na moja." Mjukuu alikuwa jikoni, birika mkononi. Alinyamaza kama siku zote. Alipotoka na kikombe cha chai, Mwalimu alikuwa ameshakata roho, kidole bado kiko juu ya mstari mwekundu daftarini.

Ameacha dada mmoja, watoto wawili, wajukuu watano, na wale kumi na watatu wengine aliowakata, ambao baadhi wamesimama hapa leo. Nyumbani, ikifika saa moja na nusu, sote hunyamaza bila kuambiana.

Bibi, namba 31 yupo. Funga daftari, ulale kwa amani.