Mama Pindo na Chumba cha Baraza

Mheshimiwa Mchungaji wetu, Mwenyekiti wa Baraza la Wazee, wazee wenzangu, wageni waalikwa, wazazi wenzangu mliojaa subira, na ninyi vijana wa kipaimara, wa mwaka huu na wa mwaka juzi, mliokaa karibu na meza ya vinywaji kana kwamba mmepangiwa zamu ya ulinzi: nawasalimu kwa heshima zote.

Nimepewa dakika kumi za kumuaga mwalimu wetu, fundi cherehani ambaye jina lake halisi tumeshalisahau, maana kila mtoto aliyewahi kukunjiwa sketi au suruali ya shule kwa mikono yake anamwita Mama Pindo. Mwezi huu anahama, anakwenda kukaa na bintiye aliyejifungua mapacha. Baraza zima limesikitika. Wengine wetu tulianza kusikitika mwaka juzi, siku ile alipoanza kufundisha.

Ndugu zangu, tulimtaka nini mama huyu? Kitu kidogo tu. Tulimkabidhi vijana kumi na mmoja, wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minne, umri ambao mtoto hasikii la baba wala la mama, tukamwambia: wafundishe ukarimu na umoja wa Wakristo wa kwanza, majuma sita, halafu watuimbie wimbo mmoja mbele ya kanisa, tupige makofi, twende nyumbani tukale. Mtu mwingine yeyote angeelewa. Mimi mwenyewe nilifundishwa somo hilohilo nikiwa na umri wao, na nawahakikishia halikunidhuru hata kidogo.

Yeye akawasomesha kweli. Akawaeleza habari za wale waumini wa kwanza kule Yerusalemu, waliokula pamoja nyumba kwa nyumba, ambao hakuna aliyesema kitu hiki ni changu peke yangu, wakauza mashamba yao ili asibaki mhitaji hata mmoja kati yao. Hapo sina ugomvi naye. Habari hizo sote twazijua, na zinapendeza sana zikiwa zimetokea zamani na mbali. Ugomvi wangu ni swali alilowauliza: "Na hapa kwetu, mhitaji ni nani?" Kisha akaendelea kushona vifungo, akisubiri. Nawauliza, ni mwalimu gani huyo anayeuliza swali halafu anangoja jibu?

Nyumbani kwangu amani ikatoweka. Binti yangu, yule pale ambaye sasa anatazama sakafu, alinianza mezani.

"Baba, wale watu walikuwa wanakula na majirani zao kila siku?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Sisi jirani yetu anaitwa nani?"

Wapendwa, nilikuwa nimekaa mtaa ule miaka tisa. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Jumapili iliyofuata wakasoma habari za yule bwana na mkewe waliouza shamba, wakaficha sehemu ya walichopata, wakajifanya wametoa chote, wakaanguka mmoja baada ya mwingine wakafa. Juma zima mtoto alinitazama kwa jicho la huruma. Mama yake akamuuliza, "Wewe, unamkodolea nini baba yako?" Akajibu kwa upole, "Naangalia tu kama anajisikia vizuri."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mnamfahamu mama anayefagia kanisa letu, mjane mwenye watoto wawili. Msimu ule wa mvua, ukuta wa chumba alichopanga uliporomoka, na mwenye nyumba akamwambia atafute pengine. Akawa analala na wanawe kwenye kibaraza cha muuza mboga mmoja, juu ya magunia. Habari ikaletwa kwa Baraza, na sisi, kama mnavyotujua, hatukupoteza wakati. Kikao cha kwanza tuliahirisha kwa sababu hatukutimia. Cha pili tulitimia, ila saa tatu ziliishia kwenye rangi ya mapazia ya madhabahuni. Cha tatu tukaunda kamati ndogo ya kutafakari.

Na katika vikao vyote vitatu, mabibi na mabwana, aliyetuletea chai alikuwa yule mama mwenyewe. Alizunguka meza akitujazia vikombe huku tukisema, "Suala la yule mama tulisogeze mbele." Mimi nikaongeza, "Na sukari kidogo, tafadhali." Nilikuwa katibu, na ningali katibu. Muhtasari wote umo kwenye faili, isipokuwa hiyo ya sukari, ambayo sikuiandika.

Vijana walimpata mhitaji wao bila kamati. Mmoja wao alimkuta mtoto mdogo wa yule mama akifanya kazi za shule kwenye ngazi za kanisa, daftari limelowa chapachapa. Wakamwambia Mama Pindo, naye akawarudishia swali jingine: "Hapa kanisani, chumba gani ni kikavu na hakina mtu?" Wakazunguka kote. Walikuta kimoja. Kina zulia, kina madirisha ya vioo, kina viti kumi na viwili vyenye mito, na kinatumika saa chache tu kwa mwezi. Mama Pindo akaenda kwa Mchungaji kuomba ufunguo wa chumba cha Baraza, akasema anataka kuwafundishia vijana somo la ukarimu. Mchungaji akampa. Baba Mchungaji, unisamehe, lakini ukweli usemwe: ufunguo ulikuwa wako.

Jumamosi saa nane mchana tukafika kwa kikao cha nne. Mwenyekiti akafungua mlango, akabaki amesimama. Magodoro mawili yalikuwa juu ya zulia. Sare za shule zilikuwa zimeanikwa kwenye migongo ya viti, na kiti cha Mwenyekiti kilikuwa kimepewa soksi. Yule mama aliposikia hatua zetu aliinuka akaanza kukusanya vyombo. "Samahani wazee, samahani, natoka sasa hivi."

"Hutoki, mama," ilisema sauti nyuma yetu. Vijana wote kumi na mmoja walikuwa wamejipanga ukutani, na sauti ile, kwa bahati yangu njema, ilikuwa ya mtoto niliyemzaa mimi.

"Nani amewaruhusu?" Mwenyekiti akauliza.

Binti yangu akanigeukia. "Baba, kikao cha leo kinahusu nini?"

Nikatazama karatasi yangu, ingawa nilijua. "Kinahusu makazi ya mama mfagiaji."

"Basi kimeshaisha," akasema, na akasogea kando tupite kurudi nje.

Je, wazee wenye hadhi zetu tungekubali? Tulikutana papo hapo kwenye ujia, tumesimama, na ajabu ni kwamba kikao cha kusimama kiliamua mambo kwa robo saa. Tuliamua kwa kauli moja kumsimamisha Mama Pindo kufundisha, na yule mama akitoe chumba. Barua niliiandika mimi, kwamba anawapotosha watoto, kwa lugha nzito kuliko yote niliyowahi kuitumia, nikampelekea kibandani kwake jioni ileile. Aliisoma bila kuondoa mguu kwenye cherehani.

"Mwanangu," akaniambia, "mwandiko wako mzuri. Mimi niondoeni, sina neno. Ila yule mama msimtume mtoto kumwambia atoke. Nenda wewe. Mwambie kwa mdomo wako."

Nikaenda. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, mazuri, ya kiungwana. Nikabisha, mlango ukafunguliwa, na chumba kilikuwa kimeshaandaliwa kuhamwa. Magodoro yamekunjwa, mafurushi yamefungwa, viti vimerudishwa kama vilivyokuwa, kila kimoja mahali pake. Watoto wake wawili wamekaa juu ya furushi, wamevaa viatu. Na yeye ameshika ufagio.

"Nilijua mtakuja, mzee," akasema. "Nimeshafagia."

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa maneno, hata mnanivumilia hapa leo. Siku ile niliingia tu ndani, nikafunga mlango nyuma yangu. Yule mtoto mdogo akavua kiatu kimoja polepole, kama anayenijaribu. Sikumkataza. Akavua na cha pili. Nilichuchumaa, nikalifungua furushi la kwanza kwa mikono hii, nikatandika godoro, vibaya, mama mwenyewe akaja kulinyoosha. Nilirudi nyumbani, nikamsimulia mke wangu, akaniuliza kama nimelia. Nikamwambia ni vumbi. Akasema, "Vumbi gani, na umesema amefagia?"

Alikaa humo miezi minne, na Baraza likasimama ujiani miezi minne. Baba wa kijana mmoja, ambaye ni fundi mwashi, alichoka kutuona tukiegemea kuta, akaja na wazazi wenzake wakaigeuza stoo ya nyuma kuwa vyumba viwili. Yule mama anaishi humo mpaka leo. Amekaa hapa mbele, mstari wa kwanza, na safari hii chai analetewa.

Limebaki neno moja, nami nalisema nikijua Mwenyekiti ananitazama. Nilipokuwa nikitayarisha hotuba hii nilipekua faili lote. Mama Pindo, ile barua hatujawahi kuifuta. Hakuna kikao kilichoifuta, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uso wa kuitaja. Wewe Jumapili iliyofuata ulikuja na vifungo vyako ukafundisha kama kawaida, nasi tukapita dirishani tukijifanya hatukuoni. Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, miaka hii miwili umefundisha ukiwa umesimamishwa, na leo kanisa limekusanyika rasmi kumuaga mwalimu ambaye lilishamwondoa.

Kwa hiyo naifuta mimi, hapa, bila akidi wala kamati. Yale niliyoandika kukuhusu hayakuwa kweli, nami nilijua nilipokuwa nikiyaandika. Nisamehe, mama yangu.

Ninyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza. Na wewe, Mama Pindo, asante kwa kutotusikiliza.