Pua ya Redio

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya banda namba nne, kwenye kiwanja kidogo cha ndege huku milimani Colorado, na birika la kahawa limekaa juu ya pipa. Hapo tunakaa wazee watatu wenye ndege tatu na akili ya kumtosha mtu mmoja, tena siku aliyolala vizuri. Orrin tunamwita Mabomba, maana alifunga mabomba ya maji maisha yake yote. Lyle alikuwa daktari wa meno, kwa hiyo ni Usafi. Mimi ni Vern, ila hapa naitwa Redio, kwa kuwa nikishawashwa sizimiki. Jumamosi iliyopita nilivuka milima kwa futi elfu kumi na nne, mpira wa oksijeni puani maana huko juu hewa ni nyepesi na akili huchanganyikiwa, nikatua salama kabisa kwenye kiwanja cha watu, maili ishirini kusini mwa hapa, nikagombana robo saa nzima na kufuli la banda lisilo langu. Leo mke wangu Nadine amekaa ndani ya gari pale kwenye uzio. Mjukuu wetu wa kwanza, mwenye siku nne, yuko ng'ambo ya milima. Nadine kasema nikimweleza kwa nini nilipotewa na akili, atapanda ndege nami. Nikishindwa, ataendesha gari kwa saa tano peke yake, na mimi nibaki na benchi langu.

Nikautoa ule mpira mfukoni, nikauweka juu ya pipa. Tukauinamia wote watatu.

Mabomba: Una umri gani huu?

Mimi: Miaka sita. Saba labda.

Usafi: Redio, huu si mpira tena. Huu ni waya wa kuanikia nguo.

Mimi: Umeshaizoea pua yangu.

Usafi: Wangu mimi nauchemsha kila Jumapili.

Mabomba: Ndiyo maana umeiva. Ncha moja si imeziba, daktari?

Usafi: Imeziba, sikatai. Kwenda natumia tundu la kushoto. Kurudi naugeuza, natumia la kulia.

Mabomba: Na mtu kama huyu alikuwa anashika meno ya watu.

Usafi: Wewe tuambie habari za masharubu yako.

Mabomba ana mpira wa aina ile yenye kifuko chini ya pua, kinachokaa kama masharubu. Ukitoa pumzi, kifuko kinajaa oksijeni; ukivuta, kinakupa yote kwa mkupuo, na mtungi unadumu safari tatu badala ya moja. Mpira mzuri sana huo, ukiwa mpya. Wake ngozi ya kifuko imekauka na kugandana tangu majira ya baridi ya mwaka juzi.

Mabomba: Kifuko kinapumzika tu. Tusihamishe mada. Tatizo la Redio nimeshalijua. Ni kona.

Mimi: Kona gani?

Mabomba: Huu mpira unaukunja mfukoni pamoja na mkate wako. Umeota kona. Nimefanya kazi ya mabomba miaka arobaini, mwanangu, kitu kinachopita kwenye bomba kikikuta kona kinachoka. Oksijeni yako inafika puani imechoka.

Usafi: Acha zako. Ni vijidudu. Miaka saba anawafuga mle ndani. Hewa ikipita wanavuta wao kwanza, yeye wanamwachia harufu.

Mabomba: Kwa hiyo siku ile vijidudu walikuwa na akili timamu na Redio hana?

Usafi: Wewe huoni jinsi ndege ilivyotua? Redio hajawahi kutua vizuri vile. Waliotua ni wao.

Hilo liliniuma kidogo, kwa sababu ni kweli sijawahi kutua vizuri vile.

Mimi: Nyie hamjui. Mpira mpya haujui milima. Huu wangu umevuka mara mia na kitu, unajua wapi pa kuongeza hewa na wapi pa kupunguza. Siku ile ulikosea tu, kama mtu mwingine yeyote.

Niliyasema hayo nikiwa sina chembe ya utani, na wenzangu wawili wakatikisa vichwa kukubali. Ndipo nikajionea huruma. Niliogopa. Sikuogopa milima, niliogopa lile gari kuwashwa na kuondoka bila mimi.

Mimi: Kipimo cha kidoleni kiko wapi? Kile cha kuonyesha oksijeni mwilini.

Usafi: Kipo. Betri zake tulizitia kwenye saa ya ukutani.

Mabomba: Tulikuwa tunachelewa kahawa.

Mlango wa gari ukafungwa. Nadine akaja kwa miguu, kibegi begani. Katika miaka kumi na miwili hajawahi kufika kwenye benchi letu. Husema kelele zake zinamtosha kutoka kule. Mabomba akavua kofia. Usafi akasogea kumpa nafasi, lakini hakukaa. Aliinua mpira wangu kwa vidole viwili, akaziangalia zile ncha mbili.

Nadine: Hizi zinaingia puani?

Usafi: Puani, shemeji.

Nadine: Basi oksijeni ataipata anayevuta hewa kwa pua. Vern, miaka arobaini na moja nalala pembeni yako. Tangu lini wewe ukapumua kwa pua?

Nikafungua mdomo kumjibu. Ulikuwa wazi tayari.

Nikamtazama Mabomba, Mabomba akatazama birika. Usafi alikuwa na mdomo wangu mikononi mwake miaka ishirini, na hata yeye hakuwahi kuligundua hilo.

Nadine akaingia bandani. Akarudi na betri za saa na ile barakoa ya oksijeni inayofunika pua na mdomo, bado iko kwenye mfuko wake. Hakuna kati yetu aliyewahi kuivaa, kwa sababu mtu akiivaa hawezi kupiga soga.

Nadine: Ukitaka kutangaza kwenye redio, utainua, utasema, utarudisha. Kipimo kitakaa kidoleni mwako na namba nitasoma mimi.

Mimi: Njia nzima?

Nadine: Njia nzima.

Juu ya milima namba ya kipimo ilisimama asilimia tisini na tano, haikutikisika. Kisha nikamsikia Nadine kwenye vipokea sauti vya masikioni. Akasema Jumamosi ile alisimama pale kwenye uzio kwa saa mbili na nusu, na alikuwa ameshaamua ampigie nani simu kwanza kumwambia nimeanguka.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nikaiacha barakoa mahali pake, nikamshika mkono.